Jani la Komamanga

Nilimnyooshea Mwalimu Kuranaga burashi mbele ya watu sitini, nikainamisha kichwa kama mwanafunzi mwema.

"Mwalimu, tuchoree jani moja tu la komamanga. Wageni wametoka mbali."

Tulikuwa katika ukumbi wa maonyesho ya kauri hapa Arita, Japani. Aliitazama ile burashi kama mtu anayepewa nyoka amshike mkia.

Miaka kumi na tisa kabla ya siku hiyo nilikuwa mchoraji katika karakana yake. Kwa miezi minane nilisaga madini na kuchanganya, nikiharibu na kurudia, hadi nikapata wekundu ambao moto wa tanuri haukuufifisha: wekundu wa komamanga lililopasuka. Nikaizungushia sahani kubwa ya kauri matawi yake, mistari myembamba kama unywele. Kuranaga aliipeleka Tokyo, akarudi na tuzo ya kwanza. Kwamba sahani ilikuwa na jina lake, hilo lilikuwa desturi ya karakana. Lakini aliwaambia waandishi wa habari kuwa wekundu ule alioteshwa na marehemu mama yake.

"Mwalimu, hata kunitaja?" nilimuuliza.

Alikuwa akinywa chai. "Orie, mkono usio na jina ni wa kuoshea vyombo. Haya, kaoshe vikombe hivi."

Nikaviosha. Kesho yake nikaondoka.

Alieneza kwamba nimemwibia rangi, na wauzaji wakanifungia milango. Miaka saba nilichora mabakuli ya migahawa ya tambi. Kisha mnunuzi mmoja wa Fukuoka akapenda kazi yangu, akawaleta wenzake. Polepole jina langu likasimama, hadi nikateuliwa kuwa mmoja wa waamuzi watano wa maonyesho yetu. Muda wote huo chuki niliipalilia kama bustani.

Mwaka huo Kuranaga alileta sahani. Niliitazama mistari yake, nikatabasamu. Kwa jinsi ilivyolalia, ilikuwa imevutwa kwa mkono wa kushoto. Kuranaga hutumia wa kulia. Mwenye shoto ni Chikage, binti yake.

Ndiyo maana nikampa burashi.

Aliichovya. Mstari ukatetemeka, ukanenepa, ukavuja pembeni. Mtu akakohoa.

"Umeridhika, Orie?" alininong'oneza.

"Bado, Mwalimu. Jani lina ncha."

Aliiweka burashi chini, akaomba sahani yake iondolewe mashindanoni. Chikage alikuja akampangusa vidole kwa leso, kimoja kimoja, bila haraka, bila kuinua macho. Jioni ile nilikula samaki mzima, nikaongeza wali.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, Chikage alileta sahani yenye jina lake mwenyewe. Niliigeuza mara tatu nikiitafutia kasoro. Ilikuwa bora kuliko chochote nilichowahi kuchora. Nikaipa kura yangu, na ikashinda.

Siku ya kupokea tuzo alipita mbele ya meza yetu, akawainamia waamuzi wanne kati yetu watano.