Posa ya Muuza Magodoro

Pale gazetini walimwita Bi Chanzo, maana nukuu haikupita mezani kwake bila kujulikana baba yake na mama yake. Akiridhika aliandika pembeni: "Imehakikiwa. Ichapwe." Kwa hiyo yule muuza magodoro, ambaye Bi Chanzo alijuana naye miaka miwili nyuma, siku alipokwenda dukani kwake kujaribu godoro akapitiwa na usingizi, alijitakia mwenyewe alipomtumia posa kwa simu.

"Ulipo wewe, hata uchovu hulala usingizi," aliandika. "Nikuoe?"

Bi Chanzo alicheka mpaka akamwaga chai. Alimpenda yule bwana, tena sana. Lakini mazoea yana taabu: vidole vikayasaka yale maneno mtandaoni, naye akanyong'onyea. Yalikuwa yamejaa tele! Huku yamesemwa na mfalme wa kale, kule na mwanafalsafa, kwingine na mcheza mpira mwenye ndevu.

"Kaniposa kwa maneno ya kuokota," alimlalamikia mdogo wake aliyeishi naye.

"Dada, mtu anakuposa, wewe unamhakiki? Mjibu!"

"Simjibu ng'o. Anayeazima maneno ya posa ataazima na mapenzi."

Hata hivyo hakuweza kuacha. Akarudi nyuma, nakala hata nakala. Ukurasa wa mcheza mpira uliiba kwa mwanafalsafa, wa mwanafalsafa ukaiba kwa mfalme, na wa mfalme, bila haya, uliiba kwenye tangazo la miaka miwili nyuma. Tangazo la duka la magodoro. Duka lake yule bwana!

Mdogo wake akapiga kigelegele. "Ni yake mwenyewe!"

"Aliliandikia godoro," Bi Chanzo akasema kwa uchungu. "Mimi nimepewa makombo ya godoro."

Akaifungua picha ya tangazo, maana kazini kwake nakala haiaminiwi mpaka ionekane asili nzima. Wezi wote walikuwa wameikata. Kwenye asili, pembeni kabisa mwa godoro, ilionekana miguu ya mtu aliyelala fofofo. Soksi moja nyekundu, moja ya manjano.

"Dada," mdogo wake akasema taratibu, "hizo si zako?"

Bi Chanzo akaruka, akajigonga mezani, akacheka huku machozi yakimtoka. "Mtundu huyu! Kumbe alinipiga picha!" Akaandika: "Imehakikiwa. Ichapwe."

Kisha akakumbuka kwamba muuza magodoro hajui lugha ya gazetini, akaongeza: "Ndiyo, nioe! Na ile picha usije ukaifuta. Ndiyo chanzo."