Siku ya Nne

Wifi yangu, mke wa kaka, aliingia zahanati ninayofanyia kazi Jumatatu asubuhi, akaipita foleni ya chanjo, akafunga mlango wa chumba cha sindano.

"Wifi, sindano yangu ya uzazi wa mpango imepitiliza wiki saba. Na kaka yako alirudi safari Ijumaa."

Mtoto wake wa mwisho, wa miezi sita, alitolewa kwa upasuaji, na damu ikagoma kukata. Daktari alituambia mimi na wifi, kaka akiwa safarini: mimba nyingine mapema hivi, asahau.

Nilifungua kabati. Boksi la vidonge vya dharura vya kuzuia mimba lilikuwa na karatasi ya maelekezo tu. Niliagiza mara mbili, hola. Kitanzi kingefaa, lakini anayejua kukiweka yuko likizo. Nikapiga simu duka la dawa. "Hizo hatuuzi, bosi kakataza." Nikapiga kituo cha afya cha jirani.

"Vipo, sista, ila mwenye ufunguo yuko semina mpaka kesho."

"Vunjeni kufuli!"

"Unataka nifukuzwe kazi?"

"Semina ya nini?" wifi akauliza.

"Ya uzazi wa mpango."

Alicheka mpaka akajishika ukuta. Kisha kicheko kikageuka kilio, nami nikampa kitambaa.

Jumanne alasiri nilikifuata kidonge mwenyewe. Ilikuwa siku ya nne tangu Ijumaa. Alikimeza mbele yangu.

"Sasa nimepona?"

"Kinaweza kusaidia bado, ila nguvu yake imepungua."

Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi.

Wiki tatu baadaye tuliinamia kipimo pamoja. Mstari wa pili ulijitokeza taratibu, mwekundu.

"Tunafanyaje, wifi?"

Kwa siku naongea na wanawake arobaini, kila mmoja nina la kumwambia. Nilichukua kadi mpya ya kliniki, nikaandika jina lake, nikaweka alama ya hatari, nikampa barua ya rufaa.

Jioni kaka alinipigia simu, sauti imejaa furaha.

"Shangazi mtu! Umesikia habari?"

"Nimesikia, kaka."

"Mbona umepoa hivyo? Sema neno basi!"

Kumbe wifi hakuwahi kumwambia maneno ya daktari. Upande wa pili, nyuma ya sauti yake, nilimsikia wifi akibembeleza mtoto.