Kupe wa Tambarau

Nchi ya Tambarau ililala kati ya safu mbili za vilima kama mtoto kati ya wazazi wasiosemezana, na utajiri wake wote ulitembea kwa kwato. Ng'ombe walikuwa mahari, walikuwa karo, walikuwa sadaka. Hata kengele ya kanisa kuu ilipatikana kwa ng'ombe. Juu ya hayo yote alikaa Mtukufu Barazuli, mtawala mwenye shingo nene na sauti laini, ambaye hakuwahi kumkamua ng'ombe hata mmoja, lakini hakuna ng'ombe aliyepita asimwachie kitu: dawa ya josho, ile ya kuulia kupe, iliuzwa na yeye peke yake, na kila mfugaji alilazimika kuinunua.

Watu wa Tambarau walikuwa Wakristo, nao walikuwa na ubishi wao wa tangu zamani. Wengine walishika kwamba Mungu alimchora kila kiumbe na kumkamilisha tangu mwanzo, na kwamba jicho la ndama ni sahihi ya Fundi asiyehitaji kurudia kazi. Wengine walisema Mungu huyo huyo aliupa uhai uwezo wa kugeuka kidogo kidogo katika miaka isiyohesabika, kama mto unavyojichongea njia. Walibishana mpaka mishipa ya shingo ikawasimama, kisha wakashiriki meza moja ya Bwana. Ubishi huo haukumdhuru mtu mpaka Barazuli alipoonja utamu wake. Dawa isiyobadilika ilihitaji kupe asiyebadilika. Basi akatunga sheria kwamba yeyote atakayefundisha kuwa kiumbe hubadilika amemtukana Muumba.

Mwaka wa sita wa sheria hiyo, Eunike, daktari wa mifugo na mwimbaji wa kwaya, alimwendea Mchungaji Zefania, mzee aliyembatiza. Alikuwa na chupa mkononi. Ndani yake kupe walikuwa wakitembea.

"Baba Mchungaji, hawa wamepita joshoni mara tatu," alisema. "Wale dhaifu walikufa zamani. Sugu ndio waliobaki wakazaana, na dawa haiwawezi tena."

"Mwanangu, Mungu ni fundi. Habahatishi."

"Sijasema anabahatisha, Baba. Fundi akitengeneza kitu chenye uwezo wa kujirekebisha, ufundi wake umepungua?"

Kusema kweli, swali lile lilimpendeza mzee. Lakini alikuwa na hofu aliyoibeba miaka mingi: kwamba ukimfungulia kupe mlango, kesho atapita mwanadamu, na keshokutwa watoto watauliza Mungu ni wa kazi gani. Juma lililofuata habari za chupa ile zilimfikia Barazuli, naye alipomwita mzee na kumsogezea karatasi, Zefania alitia sahihi kwamba maneno ya Eunike ni uzushi. Hakutishwa. Hakuhongwa. Ndilo jambo lililomtafuna baadaye.

Eunike alinyang'anywa leseni na kutolewa kwenye kwaya. Wasomi wachache waliokuwa wakimcheka Mungu kwa siri walitaka kumfanya bendera yao. Alipowajibu kwamba hajaacha kusali, nao wakampa kisogo. Akarudi kwa mama yake, katika bonde la mbali.

Kisha ndigana, homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe, ikashuka. Ng'ombe walivimba matezi, wakahema kwa povu, wakaanguka mmoja mmoja. Barazuli aliamuru waogeshwe mara mbili kwa wiki, na dawa ikauzwa maradufu. Harusi zilivunjika kwa kukosa mahari, madawati ya shule yakabaki matupu. Zefania alikuwa akiitwa kuombea mazizi, naye aliombea mpaka mazizi ya kuombea yakaisha.

Ndipo alipofunga safari kwenda bondeni. Alimkuta Eunike amechutama kando ya ng'ombe, anang'oa kupe kwa vidole na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Mzee akakunja mikono ya kanzu, akachutama upande wa pili. Walifanya kazi mpaka jua likawa utosini.

"Nilidhani namtetea Mungu," alisema hatimaye.

"Najua, Baba."

"Utanisamehe?"

"Nilishakusamehe. Ng'ombe ndio siwezi kuwasemea."

"Basi twende mjini tukaseme pamoja."

Eunike alitikisa kichwa. "Mimi nilishasema. Zamu iliyobaki ni yako."

Siku chache baadaye Barazuli aliwakusanya watu joshoni ili kuwaonesha kwamba dawa yake ni ile ile. Fahali wa mwisho wa usharika alitumbukizwa, akatoka akichuruzika. Mtukufu alipapasa nyuma ya sikio la fahali, akang'oa kupe mmoja na kumwinua juu kwa vidole viwili.

"Tazameni! Amekufa, kama alivyochorwa afe!"

Watu walitazama. Kupe alinyoosha mguu mmoja, kisha mwingine, akateremka taratibu kiganjani na kutokomea ndani ya mkono wa shati jeupe. Barazuli, macho yake yakiutazama umati, hakuona. Hakuna aliyepiga makofi.

"Mtukufu, yu hai," alisema Zefania, aliyesimama hatua moja nyuma yake. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia.

Barazuli aligeuka, bado akitabasamu. "Umesemaje, Mchungaji?"

Mzee alipiga ile hatua moja, akasimama mbele yake. Umati wote ulikuwa umemgeukia yeye, na mkono mmoja wa Barazuli ulikuwa umeanza kuukuna wa pili.