Meza Zenye Bawaba

Somo la kwanza katika kambi ya Kikristo ya uandishi wa habari lilianza kwa sala, na baada ya sala ukafuata ugomvi wa viti. Chumba cha habari kilikuwa kile kirefu kilichopakana na kanisa: paa la bati lisilo na dari, madirisha yenye nondo, mashine ya kuchapia kwenye kona, na meza mpya nyembamba ambazo wanafunzi wa sekondari walizigombania, kila mmoja akitaka ya karibu na upepo. Mhariri, mama mstaafu wa gazeti aliyekuja kufundisha kila likizo, alisubiri kelele zikatike. Zilipokataa kukatika, akaanza hivyo hivyo.

"Andikeni sentensi moja tu," alisema. "Iwe umeiona kwa macho yako na umemuuliza mtu. Usiniletee ya kusikia."

Mvulana mmoja mwenye miwani akatoka nje, akaitazama saa ya ukutani, akamhoji mpiga kengele, akarudi akaandika kwamba kengele ya saa nne hulia saa nne na nusu kwa sababu mpiga kengele humalizia chai kwanza. Alipoweka nukta, akanyanyuka kutoka kwenye benchi kiasi cha shubiri, akabaki hapo hewani, miguu ikining'inia.

"Vizuri," alisema Mhariri. "Shika meza usije ukawapiga wenzako mateke. Haya, mwingine."

Basi hapo ndipo raha ilipoanza. Watoto walitawanyika kambini wakimuuliza kila aliyepita, na kabla ya chakula cha mchana nusu ya darasa ilikuwa juu. Aliyethibitisha kwamba mbwa wa mlinzi humkimbia paka alifika usawa wa kitasa. Aliyethibitisha kwamba mpishi huonja mchuzi kwa mwiko uleule alioulamba alifika usawa wa dirisha, akasema leo hana njaa. Waligongana, wakasukumana kama maputo, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Mvulana mmoja waliyemwita Askofu, kwa jinsi alivyopenda kuomba kwa sauti, aliandika: "Mimi ni mnyenyekevu kuliko wote humu." Hakunyanyuka hata unywele. Benchi ndilo lililovunjika.

Mama Mlezi, aliyewaangalia wasichana bwenini, alifika mlangoni, akatazama juu, akatoa agizo moja: kila msichana avae suruali ya michezo ndani ya sketi. Wakavaa, mambo yakaendelea.

Kushuka nako kulikuwa na utaratibu wake. Kila habari ilipita kwanza kwenye Kamati ya Upendo, iliyoongozwa na Mama Mlezi, na kazi ya kamati ilikuwa kuisoma habari na kuiongezea upendo pale ulipopungua. Mkristo hasemi kweli kavukavu, ati. Kwa hiyo mpiga kengele hakumalizia chai tena. Alichelewa kidogo kwa kutafakari. Mwandishi akishakubali upendo huo, miguu yake ilirudi sakafuni taratibu. Ilikuwa njia nzuri ya kuwateremsha watoto ili wale chakula, na hakuna aliyelalamika, maana kesho utapanda tena.

Sasa alikuwapo msichana waliyemwita Swali, kwa sababu aliuliza hata kwenye sala, amina ikishasemwa. Rafiki yake wa kufa na kuzikana walimwita Kinanda, kwa kuwa akicheka alianza na noti ya chini akapanda zote mpaka ya juu. Kinanda alizimia kwenye mazoezi ya kwaya, akaanguka juu ya wale wa sauti ya pili. Nesi akampima, akasema hana ugonjwa, ila mwili umekauka. Huyu mtoto hanywi maji.

Wasichana wote walijua sababu. Vyoo vyao havikuwa na milango. Vilikuwa na fremu tupu, na ukienda lazima mwenzako asimame akikushikia shuka, na njia ya wavulana kwenda uwanjani ilipita papo hapo. Upepo ukivuma, shuka ina mambo yake. Basi mtu na akili zake alikaa na kiu mpaka giza liingie. Swali alimkuta rafiki yake kitandani, midomo imepasuka, akaona uchungu sana. Akajiapiza kwamba milango itarudi na Kinanda atakunywa maji mchana kweupe kama wavulana.

Asubuhi yake, darasani, kalamu ilimponyoka. Akaingia chini ya meza kuiokota, akakawia huko. Upande wa chini wa meza palikuwa na bawaba mbili, komeo, na neno WASICHANA kwa rangi nyekundu. Akatambaa mpaka meza ya pili, nayo vivyo hivyo. Akachukua rula, akapima meza, akaenda kupima fremu, zikalingana.

Akamfuata fundi seremala.

"Niliing'oa mimi mwenyewe," alisema fundi bila kuacha kupiga randa. "Niliambiwa gazeti la Bwana halina meza. Na mbao zile, binti, hazijui mchwa!"

Akamfuata Mchungaji, aliyekuwa ndiye mkurugenzi wa kambi.

"Kweli tupu, binti yangu," alisema Mchungaji kwa uchangamfu, akamwonyesha picha ukutani, wageni wafadhili wakitabasamu nyuma ya meza. "Wamezipenda mno. Vyooni hawakuomba kufika."

Swali akaandika kwamba meza za chumba cha habari ni milango ya vyoo vya wasichana, kwamba mkurugenzi ndiye aliyeamuru ing'olewe, na kwamba tangu hapo wasichana hawanywi maji mchana. Akaweka nukta. Akapita usawa wa kitasa, akapita usawa wa dirisha, akagonga bati kwa kisogo mpaka paa zima likalia. Chini wenzake wakapiga vigelegele. Swali alizunguka, akapiga pinduapindua, akatembea na viganja juu ya boriti, akacheka mpaka machozi yakawadondokea waliokuwa chini. Alikuwa na furaha isiyo na mfano. Kinanda alimtazama akacheka noti zake zote, na moja ya ziada.

Kamati ya Upendo ikaketi papo hapo, chini yake.

"Habari nzuri sana, mwanangu," Mama Mlezi aliita, mkono kwenye paji la uso. "Imepungukiwa upendo kidogo tu. Tuseme hivi: Wasichana wajitolea milango yao kwa kazi ya Bwana. Ukurasa wa kwanza, na jina lako kwa herufi kubwa."

"Lakini hatukujitolea, Mama."

"Mngeombwa, mngekataa?"

"Hatukuombwa."

"Ndiyo maana nasema, mngeombwa."

Ukurasa wa kwanza Swali aliutaka, tusidanganyane. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na angelibandika gazeti hilo ukutani pale wateja wanapopimwa, kila mwenye mikono juu alisome. Lakini alitazama chini akamwona Kinanda ameshika glasi ya maji, analowanisha midomo, anairudisha mezani.

"Sikubali," alisema Swali.

Macho yote yakamgeukia Mhariri.

"Habari imesimama," alisema Mhariri. "Nisingeondoa hata mkato. Ila mimi nafundisha tu, mwanangu. Mashine ya kuchapia si yangu." Akavua miwani akaipangusa kwa nguvu, na hasira ilimwonekana mpaka masikioni.

Gazeti likachapwa alasiri ileile. Kichwa cha habari kilikuwa cha kamati, na mahali pa jina la mwandishi paliandikwa Kamati ya Upendo. Nakala moja ilipitishwa juu kwa ufagio ili Swali naye asome. Habari yake mwenyewe ilikuwa haijaguswa, imo mfukoni mwake, kwa hiyo hakushuka. Vijana watatu wa kwaya walijaribu kumvuta kwa miguu, wakanyanyuka pamoja naye, ikabidi wasomewe tangazo la kambi lililosifu vyakula vyake ndipo wakarudi chini.

Kwenye ibada ya jioni Mchungaji alisimama, uso unang'aa.

"Wapendwa, kulikuwa na manung'uniko ya vyoo," alisema. "Nami nikapiga magoti. Mungu si Athumani! Ametupa mlinzi kutoka juu. Nani tena anahitaji mlango?"

Kanisa zima likasema amina. Askofu alisema mara mbili.

Fundi seremala, aliyekuwa na kazi nyingi mno, aliziacha zote akafungua bati moja la paa. Vijana wa kwaya wakamfunga Swali kamba ya pazia kiunoni, wakamwongoza nje kama mbuzi anayekwenda malishoni, wakaifunga kamba kwenye fremu ya choo cha kwanza. Akapewa filimbi. Akiona mvulana kwa mbali, anapiga mara moja. Akiona mwalimu, mara mbili, kwa heshima. Kwa kweli kazi aliifanya vizuri, na kutoka huko aliona mpaka nyuma ya jiko.

Wasichana wakaanza kunywa maji. Walikunywa vikombe na majagi, wakajimwagia mengine kwa furaha, wakashindana kukimbia vyooni huku wakimpungia mkono. Kinanda akanenepa mashavu, akarudi kwenye kwaya na sauti ya juu kuliko zamani. Chumba cha habari kikapata wageni wengine, wakazipiga picha meza na kupapasa mbao. Tangazo la kambi ya mwaka ujao likaongezwa maneno: vyoo vyenye ulinzi wa juu.

Siku ya wazazi, mama yake Swali alifika, akamtafuta bwenini, akaelekezwa vyooni. Akatazama juu, kidole gumba kikiwa bado na alama ya sindano.

"Huko hakuna baridi?" aliuliza.

"Ipo, Mama. Asubuhi hasa."

Akamrushia sweta. Kisha akaifunga upya ile kamba, kwa sababu fundo la wanakwaya halikumridhisha. Wazazi wengine walimpa pole na hongera kwa pamoja, wakasema watoto wa siku hizi wana vipaji.

Liko jambo moja tu. Mlinzi naye ni mtu, na mtu hubanwa. Swali hukunja miguu, huuma mdomo, husubiri mpaka asiweze tena, maana njia ya kushuka ni moja. Ndipo husema kwa sauti, wote wasikie: "Tulijitolea milango yetu kwa kazi ya Bwana." Miguu hugusa ardhi. Kinanda humshikia shuka, uso ameugeuzia ukutani, na hapo hacheki. Swali akimaliza hunawa mikono, husema, "Hatukuombwa," akapanda tena na filimbi yake.

Mwanzoni alilazimika kusema hivyo kila baada ya chai, na kila baada ya uji, na siku za joto mara nyingi zaidi. Siku hizi hasemi mpaka usiku. Wenzake wakimpandishia glasi ya maji kwenye ufagio, huipokea kwa shukrani, hulowanisha midomo, na kuirudisha.