Beringi Iliyopakwa Nta

Tangu alfajiri Batuli hakukaa kitako. Mara ashike spana, mara aiweke. Mara afungue dirisha la banda la ushirika wa warina asali pale Tabora, mara alifunge. Vijiji vya ujamaa vilileta asali nyingi mwaka ule, lakini mnunuzi aliikataa: beringi ya mashine ya kuchujia ilivujisha oili ndani yake. Leo ikishindikana kutengenezeka, mashine inauzwa chuma chakavu.

Batuli, aliyesomea ufundi, alibuni beringi isiyonywa oili, shafti ielee juu ya upepo mtupu. Ya kwanza, laini ndani, ilielea kweli, ila mwendo ulipokolea shafti ikayumba kama mlevi wa wanzuki. Ya pili akaichorea michirizi iliyolala kama ukili wa mkeka, isukumie upepo katikati, uikabe shafti pande zote. Michirizi myembamba, kina chake hakifiki unene wa unywele. Akampa baba yake, Mzee Mfaume, sonara, aichonge.

"Shikamoo mzee," alisema Masele, mwenyekiti wa ushirika, aliyefika kwa gari moshi kutoka Igalula, akiitazama ilivyong'aa mkononi mwa sonara. "Beringi hii, au bangili ya bibi harusi?"

"Marahaba. Bangili ningekutoza zaidi."

Batuli akaipachika beringi, akawasha mota. Shafti ikalia kwii, ikanasa. Harufu ya mshumaa ikapanda. Akazima upesi.

"Ehee, upepo nao umegoma!" Masele akaguna. "Nikamwite wa chuma chakavu?"

Batuli alikuwa akinusa. Tangu utoto wake, hakuna hereni iliyotoka mikononi mwa baba bila kusuguliwa nta ing'ae.

"Baba, uliipaka nta?"

"Sasa nikupe kazi uchi? Tena ya mwanangu! Niliisugua mpaka ikaingia kila mchirizi."

Kumsahihisha baba mbele ya mgeni kulimchoma Batuli. Kunyamaza kungeiua mashine.

"Ndiyo iliyoziba njia ya upepo, baba."

Mzee mwenyewe akaichomoa beringi, akaleta birika kutoka jikoni, akaimwagia maji ya moto polepole, akaifuta kwa pindo la kanzu hadi ikakauka, akairudisha mahali pake.

"Washa."

Ikakwaruza kidogo, halafu kelele ikakatika. Mwendo ukapanda, ukapanda. Shafti imetulia utadhani imesimama. Masele akachovya kitambaa cheupe kwenye asali iliyochujwa, akakigeuza juani. Hakuna doa la oili.

"Keti basi, mama," Mzee Mfaume akamwambia bintiye.

"Bado, baba. Kuelea imeelea. Nataka nisikie shafti itakavyotua nikizima, upepo ukiisha."

Mkono ukaenda kwenye swichi, ukarudi, ukaenda tena.