Sahani Yenye Tone Jekundu

Mapenzi ni kikohozi, wanasema, hayafichiki. Uongo. Hapa Njinjo tulikificha kikohozi miezi saba katika chumba cha uani, mapenzi tukayaficha humo humo, na tukaendelea kuulizana habari za korosho.

Aliyekohoa ni Zuwena, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Mumewe, Ridhiwani, alikuwa wakala wa mmoja wa wale wanunuzi binafsi wa korosho waliomiminika baada ya ushirika kuishiwa nguvu. Alivaa suruali za mitumba zilizonyooshwa kwa pasi mpaka zikawa na makali, na kila wiki alikuwa safarini. Zuwena alipoanza kukonda, mumewe alimrudisha kwao kwa mama yake "apumzike". Kisha akaacha kuja. Ukimwi: naliandika jina hilo kwa sababu kijijini hakuna aliyelitamka, ingawa redio ililisema kutwa, ikieleza pia kwamba kula sahani moja hakuambukizi.

Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama na stashahada yangu ya ualimu, nafundisha Kiswahili shule ya kijiji. Mwaka ule, 1996, nilinunua riwaya sokoni Kilwa Masoko, katikati ya rundo la nguo, haina jalada. Ilikuwa habari ya binti wa miaka kumi na saba mwenye ugonjwa wa damu, na kijana aliyempenda akijua hatapona. Kuna ukurasa ambapo daktari ameshakata tamaa na binti hataki tena kula. Kijana anaketi kitandani, anachukua kijiko kile kile kilichotoka mdomoni mwa binti, anakula, anasema, "Chumvi imezidi. Nisaidie." Nilipasoma mara tatu. Nililia mpaka nikashindwa kuona mstari.

Basi wanawake wa mtaani wakataka nao wasikie. Kila baada ya alasiri walikuja barazani kwangu na nyungo zao, wakapepeta huku nawasomea. Mama Zuwena naye alikuja. "Maskini, mtoto wa watu," alisema, akipenga kwenye khanga. Siku ya ukurasa wa kijiko hata Ridhiwani, aliyekuwa akipita, alisimamisha baiskeli akasikiliza. Akafuta macho kwa kiganja.

"Huyo ndiye mwanamume," akasema.

Nyumba ya Mama Zuwena ni ya tatu kutoka kwangu. Kikohozi kilifika barazani, kikavu, kirefu. Mimi nikapandisha sauti nikaendelea kusoma.

Aibu ilinishika usiku ule ule, na kesho yake nikaenda. Lakini sikuingia. Nilisimama nje ya dirisha la chumba cha uani, nikafungua kitabu, nikaanza ukurasa wa kwanza.

"Mwalimu," Zuwena akasema kutoka ndani, "unanisomea au unauza dagaa?"

"Nakusomea."

"Basi ingia. Wanaosimama dirishani ni wauza dagaa."

Nikaingia. Kando ya mkeka wake palikuwa na sahani ya bati, ukingoni imetiwa tone la rangi ya kucha, jekundu. Sikuhitaji kuambiwa maana yake. Sahani ile ilioshwa peke yake na kuanikwa peke yake, juu ya paa la banda la kuku.

Nilimsomea siku nne. Tulipofika kwenye kijiko aliniomba nirudie. Hakulia.

"Kijana huyu mwandishi amemtoa wapi?"

"Kichwani mwake."

"Nilijua. Ridhiwani alipasikia hapa?"

"Alipasikia. Alilia."

Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo, mifupa mitupu. Alipopata pumzi akasema, "Alilia. Basi nikifa, mpe sahani yangu ale. Mwambie chumvi imezidi. Niahidi."

Nikamwahidi. Alikufa Ijumaa, kabla ya adhuhuri.

Ukoo wetu na ukoo wake ni watani tangu enzi za mababu. Msibani mtani ana ruhusa ya kila kitu. Anamwiga marehemu, anaficha sufuria, analala kaburini mpaka apewe kuku, na atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo siku ya tatu, siku ya kuondoa tanga, nilipoichukua ile sahani nikapakua wali wa msiba na kuvuka kwenda upande wa wanaume huku nakohoa kama Zuwena, watu walicheka. "Mtani huyo, mshikeni!"

Ridhiwani alikuwa ameketi katikati ya jamvi, kanzu nyeupe, akipokea pole. Tangu juzi alikuwa akiwasimulia wageni jinsi alivyomuuguza mkewe hadi dakika ya mwisho. Nilipiga magoti mbele yake. Nikamega tonge, nikala, nikamsogezea sahani.

"Shemeji, chumvi imezidi. Nisaidie."

Kule kwa wanawake kicheko kilikatika. Waliyajua maneno yale.

Ridhiwani alilitazama tone jekundu. "Ondoa uchuro wako."

"Wali ni huu huu wanaokula wote. Ulilia barazani kwangu, shemeji. Kula."

Akainuka, akakanyaga pindo la kanzu yake, nusura aanguke, akaondoka bila viatu. Nami nikawageukia wanawake. "Nanyi mlilia. Na mimi niliyesoma nilipandisha sauti ili tusimsikie. Tulimlilia binti wa karatasi kwa sababu hakuwa na shuka la kufuliwa."

Jioni niliitwa. Mzee Abdurahmani, baba mkubwa wa Zuwena, alikuwa kwenye kiti uani. Mama Zuwena alikaa kizingitini, khanga imemfunika nusu ya uso.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwanangu, umemvua nguo mkwe wetu mbele za watu."

Nikaketi chini mbele yake.

"Lakini jambo hili ni jepesi. Sema ulikuwa unatania. Mtani hana kosa, tutacheka, yataisha. Ukisema hukutania, basi umewatukana wafiwa. Hapo utaomba radhi, ama kamati ya shule itaandika barua uhamishwe. Ridhiwani ameshawaona wanakamati. Na mama yako nani atamchotea maji?"

"Sema tu, mwanangu," Mama Zuwena akasema. "Neno moja. Mimi nimechoka."

Nilimwonea huruma. Amezaa mmoja, amemzika. Na kweli lilikuwa neno moja, tena ningelisema ningelala kwangu mwaka huu na ujao. Nilishafungua mdomo.

Ndipo nikatazama nyuma ya kiti cha Mzee. Vyombo vya msiba vilikuwa vimeoshwa, vimepangwa kichanjani, masufuria, miiko, sahani za majirani zimeegemeana. Ile yenye tone jekundu ilikuwa juu ya paa la banda la kuku, peke yake, inakauka. Mwenyewe siku ya tatu yuko kaburini, na bado walikuwa wakimwogopa.

"Sikuwa natania, Mzee," nikasema. "Barua iandikwe. Radhi siombi."