Faili ya Kumi na Sita

Kwa mara ya tano asubuhi ile, skrini ilihesabu hadi kumi na tano, ikakwama, ikamfukuza Marceline.

"Inasema nini, mama?" aliuliza mwanamume aliyeketi kando yake, kofia magotini.

"Inasema faili ya kumi na sita haifunguki."

Mgeni huyo aliitwa Barnabé. Alikuwa amefika jana yake kwa treni kutoka Mwene-Ditu, kumtafuta dada yake mdogo, Christiane. Miaka minne nyuma, Wakasai walipofukuzwa hapa Likasi, ndugu hao wawili walikuwa gare, kwenye kituo cha treni, pamoja na maelfu ya wengine. "Nilimushika mukono," alieleza. "Batu bakasukuma, nikajikuta ndani ya vagon. Yeye akabakia inje."

Siku zile Marceline, karani wa parokia, alikuwa akienda gare na daftari kila asubuhi, akiandika nani kapanda treni gani na anaelekea wapi. Hakutumwa na mtu. Kompyuta alijifunza kiwandani, kabla hawajamwachisha kazi, kwa hiyo akatunga programu yake mwenyewe: kila treni na faili yake, treni thelathini na moja, na jina lolote ukiliandika inalitafuta katika zote. Daftari zenyewe zilishaoza mvua ilipopenya paa. Yalibaki majina yaliyomo ndani ya mashine.

Na mashine, wiki iliyopita, ilikuwa imepata Windows mpya. Fundi kutoka Lubumbashi alifuta kila kitu, akaweka ile ya 95, akairudisha programu na faili zake mahali pake, akaondoka huku akisifiwa. Rangi zilipendeza kweli. Lakini programu ya Marceline, iliyozaliwa kwenye mfumo wa zamani wa skrini nyeusi, ilikuwa kama mkwe aliyehamia nyumba asiyoijua milango yake.

Padri Athanase alichungulia mlangoni. "Fundi atarudi mwezi kesho, Mama Marceline. Tungoje."

"Treni inarudia Kasai kesho asubuhi, mon père," alisema Barnabé. "Ile ingine, Mungu tu njo anajua."

Ilikuwa saa tano na robo. Saa sita kamili umeme ungehamia mtaa mwingine.

Kulikuwa na jambo ambalo Marceline hakutaka kulitamka: kwamba faili ile imeharibika, na watu wote wa treni ya kumi na sita wamepotea mara ya pili. Aliweka kidole juu ya kibodi. Kisha akafanya jambo dogo. Faili ya kumi na sita akaipa jina la ya tatu, na ya tatu akaipa jina la ya kumi na sita. Akaianzisha programu.

Moja. Mbili. Tatu.

Ya tatu ilifunguka! Ile ile ya kumi na sita aliyoanza kuililia ilifunguka bila shida. Programu ikaendelea hadi kumi na tano, ikakwama palepale.

Marceline alipiga meza kofi, akacheka hadi Padri akarudi mbio. "Haikuoza! Zote ni nzima! Ni mashine njo inashindwa kushika mingi mara moja. Mikono yake imejaa."

"Sasa?" aliuliza Barnabé.

"Sasa tunaiongezea mikono."

Zamani, katika maagizo ambayo mashine huyasoma inapoamka, aliwahi kuandika mstari mmoja wa kuiruhusu programu ifungue faili arobaini kwa pamoja. Fundi aliufuta na mengine, bila kujua. Marceline aliuandika upya, herufi kwa herufi, midomo ikimchezacheza kama anayesali rozari. Akaizima mashine, akaiwasha. Saa sita kasoro dakika kumi.

Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba... Barnabé alikuwa akihesabu kwa sauti, na Padri naye akadakia, hata thelathini na moja ikatamkwa na watu watatu kwa pamoja.

Marceline aliandika jina. Mstari mmoja ukatokea, na chini yake maneno yaliyoongezwa mwaka 1995, ambayo aliyaandika yeye mwenyewe akayasahau kati ya mengi. Akayasoma polepole: "Christiane Mujinga. Hakupanda. Yuko ziwa Tshangalele, anauza samaki kwa Mama Claire. Kaka yake Barnabé akija, aambiwe: niko."

"Soma tena," alisema Barnabé.

Akasoma tena.

"Tshangalele? Ya hapa hapa?"

"Ya hapa hapa, baba. Kamyo ya samaki inaondoka soko saa nane. Weye utakula kwake leo."

Umeme ulikatika. Hakuna aliyegeuka kuitazama skrini.

Barnabé alikuwa amekwisha kwenda uani, kwenye bomba la parokia, akijimwagia maji usoni, shingoni, kichwani. Marceline alimfuata na taulo. Mgeni aliinua uso uliolowa, akaupapasa, kisha akauliza kwa wasiwasi wa kweli:

"Mama, unaona kama minye nimezeeka?"

"Kidogo," alisema Marceline.

Akacheka, akakirudisha kichwa chini ya bomba, na maji yakaendelea kutiririka.